Usiriseti kila kitu: namna ya kusafisha memori ya TI-84 bila kupoteza vyako

"Kaka, habari. Nimenunua kikokotoo cha kuchora grafu, TI-84 Plus ya mtumba. Ina programu za mwenyewe wa zamani, na kila nikibonyeza GRAPH inaniletea ERR:INVALID DIM. Mtihani ni Jumatatu. Rafiki yangu kasema niriseti yote. Nifanyeje?"

Jibu kwanza, maelezo baadaye. Bonyeza 2nd, halafu Y=, halafu 4, halafu ENTER. Skrini itaandika Done. Chora grafu yako upya, itachoreka. Kosa hilo halihusiani kabisa na memori kujaa wala kuharibika. Mwenye mashine wa zamani alikuwa akichora takwimu, akaacha Plot1 ikiwa imewashwa, kisha orodha zilizokuwa zikisomwa, L1 na L2, zikabaki tupu. Sasa kila ukichora mstari wako, kikokotoo kinahangaika kuchora na nukta ambazo hazipo. Fungua Y= utazame mstari wa juu kabisa: Plot1 ikiwa imewekewa kivuli cheusi, ujue imewashwa. Kosa jingine la ukoo huohuo ni ERR:DIM MISMATCH. Hapo orodha zina vitu, ila L1 ina namba kumi na L2 ina tisa.

Wengi wanaouliza namna ya kuriseti hawahitaji kuriseti. L1 imepotea kwenye jedwali? Bonyeza STAT, 5, kisha ENTER, itarudi na namba zake. Haikufutwa. Ulipanda juu ya jina la orodha ukabonyeza DEL, nayo DEL huondoa safu kwenye jedwali tu. Ukitaka kumwaga namba na kuacha safu, panda juu ya jina, bonyeza CLEAR, kisha ENTER. Grafu inakataa na ERR:WINDOW RANGE? Xmin yako ni kubwa kuliko Xmax, au zimelingana. ZOOM kisha 6 inarudisha dirisha la kawaida la -10 hadi 10. Majibu ya trigonometria yamechanganyikiwa? Andika sin(30). Ukipata 0.5 uko kwenye digrii, ukipata -0.9880316241 uko kwenye radiani, na dawa iko kwenye MODE.

Haya, tuseme kweli unataka kusafisha. Kabla hujagusa kitu, elewa kwamba ndani ya hiyo mashine mna hifadhi mbili. TI-83 ya 1996 ilikuwa na RAM peke yake: ukiriseti, kila kitu kimekwenda, mjadala umekwisha. Mwaka 1999 ikaja TI-83 Plus yenye memori ya flashi, ndiyo ile inayoitwa Archive, na tangu hapo neno "riseti" likagawanyika. RAM ni meza ya kazi: orodha, matriksi, milinganyo ya Y=, herufi A hadi Z, na programu unazozitumia sasa. Archive ni kabati: programu ulizoziweka akiba, na programu tumizi zilizokuja na mashine. TI-84 Plus ina takribani kilobaiti 24 za RAM na 480 za Archive. TI-84 Plus CE, ile ya rangi iliyotoka 2015, ina kilobaiti 154 za RAM na megabaiti 3 za Archive. Ukisafisha meza, kabati haliguswi. Ukiagiza vyote visafishwe, hata kabati linabaki mbao.

Mlango wa yote hayo ni mmoja: 2nd, kisha kitufe cha kujumlisha, ambacho juu yake pameandikwa MEM. Chagua namba 2, Mem Mgmt/Del. Juu utaona RAM FREE na ARC FREE, yaani nafasi iliyobaki kila upande. Chini kuna makundi: Real, List, Matrix, Prgm na mengine. Kwa msomaji wangu, programu za mwenyewe wa zamani ziko namba 7, Prgm. Shuka hadi jina usilolitaka, bonyeza DEL. Ikikuuliza kama una uhakika, chagua Yes. Jina likiwa na nyota pembeni, liko kabatini. Ukibonyeza ENTER juu ya jina, nyota inaingia au inatoka, yaani kitu kinahamia kabatini au kinarudi mezani. Jifunze hiyo nyota. Kwenye TI-84 Plus, programu yenye nyota haiendeshwi mpaka uitoe kabatini, la sivyo unapata ERR:ARCHIVED, na wengine wakiona hivyo hudhani programu imeharibika.

Kwenye menyu hiyohiyo ya MEM kuna namba mbili ambazo watu huzipita bila kuzitazama. Namba 3, Clear Entries, hufuta historia ya ulichoandika, ile unayoirudisha kwa 2nd na ENTER. Kama hutaki anayeazima kikokotoo chako aone ulichokuwa ukikokotoa, hii ndiyo yako. Namba 4, ClrAllLists, humwaga namba za orodha zote kwa mpigo, na majina ya orodha yakabaki. Zote mbili hukuletea amri kwenye skrini ya mwanzo bila kuitekeleza. Lazima ubonyeze ENTER tena, uone Done. Ukiondoka kabla ya Done, hujafuta kitu.

Ukiwa na uhakika kwamba meza nzima inahitaji kufagiliwa, tengeneza nakala kwanza. Huhitaji hata kompyuta. Kwenye MEM chagua 8, Group, kisha Create New. Andika jina lisilozidi herufi nane, ENTER, kisha chagua All+. Vitu vyote vitatiwa alama, nawe utaondoa usivyovitaka. Kishale cha kulia kinakupeleka DONE, thibitisha hapo. Mashine inanakili vyote kuviweka kabatini kama furushi moja, na ukifika wakati wa kuvirudisha unatumia UNGROUP kwenye menyu hiyohiyo. Furushi hilo linavuka riseti ya RAM salama. Halivuki riseti ya Archive, kwa hiyo vitu vya thamani vipeleke kwenye kompyuta kwa programu yake ya kompyuta, TI Connect CE. Waya wake ni USB yenye kichwa cha mini, kile cha kamera na simu za zamani. Wa simu yako ya sasa hauingii.

Wakati wa kuweka vitu kabatini unaweza kuulizwa "Garbage Collect?" Usiogope. Memori ya flashi haifuti palepale: kitu ulichokifuta hubaki kimekalia nafasi mpaka mashine ipange upya. Jibu Yes, iache imalize, usitoe betri katikati.

Sasa riseti yenyewe. 2nd, MEM, 7. Juu kuna vichupo vitatu: RAM, ARCHIVE, ALL. Kishale kinaanzia kwenye RAM, na hapo ndipo wengi wanapaswa kubaki. Namba 1 ni All RAM, namba 2 ni Defaults. Defaults hurudisha mipangilio tu, yaani MODE, dirisha na kadhalika, bila kugusa orodha wala programu zako. Ukiwa umebonyezabonyeza hadi hujui mashine iko hali gani, anza na Defaults. All RAM ndiyo inayofagia meza. Utaulizwa No au Reset, chagua Reset, nayo itaandika RAM Cleared.

Hapa watu hushtuka mara mbili. Kwanza, skrini ya TI-84 Plus inaweza kuwa nyeupe kabisa, kama imekufa. Haijafa. Kufuta memori wakati mwingine hubadilisha ukolezi wa maandishi. Bonyeza 2nd ukaachie, kisha ushikilie kishale cha juu mpaka herufi zitokee. Zikikolea mno, 2nd na kishale cha chini. Pili, mashine imerudi kwenye radiani. Mwanafunzi anariseti dakika tano kabla ya mtihani, anaingia na digrii kichwani, na swali lote la pembetatu linakwenda na maji ingawa njia yake ni sahihi. Ukimaliza kuriseti nenda MODE, weka DEGREE, ujaribu sin(30). Kama unafanya takwimu na r haionekani kwenye jibu la regresheni, washa DiagnosticOn: 2nd, 0, shuka hadi jina hilo, ENTER mara mbili.

Kichupo cha ARCHIVE kina Vars (vitu ulivyoweka akiba), Apps na Both (vyote viwili). Apps hufuta programu tumizi zenyewe. Zinaweza kupakiwa upya kutoka kwa watengenezaji, TI (Texas Instruments), lakini unahitaji kompyuta, waya na intaneti, na usiku wa kuamkia mtihani si wakati wa kuvitafuta hivyo vitatu. ALL hufanya yote kwa mpigo. Ina matumizi mawili tu ninayoyakubali: unauza mashine, au umeinunua na hutaki chochote cha aliyetangulia. Hata hapo tazama kwanza Apps zilizomo, uandike majina yake kwenye karatasi.

Tukija kwenye mtihani, usifute kwa kusikia. Mitihani ya taifa ya NECTA (Tanzania) na KNEC (Kenya) huruhusu vikokotoo visivyopangika kwa programu, kwa hiyo TI-84 haiingii humo hata uisafishe namna gani. Wanaohusika huku kwetu zaidi ni wanafunzi wa shule za IB (International Baccalaureate) na mitaala mingine ya kimataifa. Marekani nako sheria hazifanani: mitihani ya Regents ya New York hutaka memori ifutwe, lakini ile ya AP, ya masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, haitaki. Muulize msimamizi wako, upate jibu la mtihani wako.

Pengine atakachotaka ni mode ya mtihani, ambayo ni kitu kingine kabisa. Zima TI-84 Plus. Shikilia kishale cha kushoto, cha kulia na ON kwa pamoja, kisha achia. Utaona ukurasa wa RESET OPTIONS. Angalia ANGLE kabla ya kukubali, maana hapohapo ndipo pa kuchagua digrii. Programu na Apps zinafungwa mpaka utoke, na kutoka ni kwa kuunganisha kikokotoo kingine na kutumiana kitu chochote, au kwa TI Connect CE. Vitu vingine vyote visivyo na nakala, usitegemee kuvikuta ukirudi. Wasimamizi nao wana sababu ya kupenda njia hii: kuna programu zinazoigiza ukurasa wa RAM Cleared neno kwa neno bila kufuta kitu. Msimamizi mjanja hatazami maandishi hayo, anafungua Mem Mgmt mwenyewe na kusoma RAM FREE. TI-84 Plus iliyofagiliwa kweli huonyesha namba ya 24,000 na kitu.

Wenye Casio fx-CG50 msijione mmesahaulika. MENU, fungua System, F5 kwa riseti. F1 ni mipangilio, F2 ni memori kuu, F3 ni programu za nyongeza, F4 ni hifadhi. Thibitisha kwa F1. Kaa kwenye F1 au F2 tu, kwa sababu zilezile. Mode ya mtihani: mashine ikiwa imezimwa, shikilia cos na 7 huku ukibonyeza AC/ON. Skrini inazungukwa na fremu ya kijani. Hapa Casio wamefikiri vizuri kuliko TI: ulivyokuwa navyo vinahifadhiwa na kurudishwa ukitoka, na hata usipopata waya, baada ya saa 12 mashine inaweza kutoka kwenye mode hiyo.

Mwisho, mashine iliyoganda. TI-84 Plus CE ina kitufe cha RESET mgongoni, kibonyeze kwa kitu chembamba, ukijua cha mezani kitaondoka. TI-84 Plus haina. Toa betri moja kati ya nne za AAA, shikilia ON kwa sekunde kumi, uirudishe. Kutoa AAA peke yake hakufuti RAM, kwa sababu pembeni kuna betri ya kidonge ya akiba, SR44SW au 303, inayoshika memori wakati unabadilisha zile kubwa. Ndiyo maana usitoe AAA na kidonge kwa wakati mmoja, na ile ya kidonge ibadilishe kila baada ya miaka mitatu au minne. Mashine ya mtumba inayosahau kila kitu ukibadilisha AAA karibu kila mara ni kidonge kimeisha. Na wakati unarudisha betri, kidole kisiguse DEL: kitufe hicho huita ukurasa wa kupakia mfumo mpya wa uendeshaji, na hukuwa na haja nao.