Maswali na Majibu: Soma Kwanza Kumbukumbu za Seva

Barua pepe zetu kwa wateja wa Gmail zinarudi au zinaangukia kwenye taka. Tumekwisha kuhama seva mara mbili bila nafuu. (Msindikaji wa zabibu, Hombolo)

Barua inayorudi hubeba sababu ya kurudi kwake, nawe hukunitumia hata mstari mmoja wa sababu hiyo. Kwa kuwa mmehama mara mbili, nashuku kosa nililolikuta mwezi uliopita katika ofisi moja ya Kizota, ambako kila fundi aliyehamisha seva aliongeza rekodi yake ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa, yaani jina la ofisi mtandaoni) kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, bila kuifuta ya mwenzake. Kikoa kinatakiwa kuwa na rekodi moja tu inayoanza na v=spf1; zikiwa mbili, ukaguzi wa SPF unafeli, hata kama kila moja ni sahihi ikiwa peke yake. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila mtumaji, hata wa barua tatu kwa siku, awe na SPF au DKIM (saini ya kidijitali ya barua), na anwani ya IP ya seva yake, yaani namba yake mtandaoni, iwe na rekodi ya PTR inayoirudisha kwenye jina la seva. PTR haiwekwi kwenye kikoa chako. Huiweka yule aliyekupa anwani ya IP, basi mwandikie yeye. Wekeni SPF na DKIM zote mbili, kisha DMARC (agizo la nini kifanyike barua isipopita ukaguzi huo), na msihame tena.

Seva haipokei barua tangu jana jioni. Tuizime na kuiwasha? (Kibaigwa)

Usiizime kabla hujaandika df -h, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, kwa maana mara nyingi diski imejaa.

Simu za wafanyakazi wote zimegoma leo asubuhi, zinasema cheti si halali. (Singida)

Swali hili linanifikia kila mara, na jibu halijabadilika. Cheti (kitambulisho cha seva) cha siku 90 kutoka Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, kimekwisha muda wake, au kipya kimekwisha kupatikana lakini Dovecot, programu inayowapa watu barua zao, haijaambiwa ikisome, hivyo bado inawaonyesha watu kile cha zamani. Weka amri ya kuipakia upya Dovecot kila cheti kinapobadilishwa. Na tafadhali usiwaagize wafanyakazi wabonyeze "kubali" ili kazi iendelee, kwani siku mwizi atakapowawekea cheti chake watakikubali vilevile.

Shikamoo. Foleni ya Postfix, programu yetu ya kutuma na kupokea barua, ina barua zaidi ya 14,000 ambazo hatukuziandika. Nimezifuta, zimerudi. (Manyoni)

Marahaba. Zimerudi kwa sababu umefuta moshi ukauacha moto. Tafuta neno sasl_username (hufuatwa na jina la mtumiaji aliyeingia kutuma barua) kwenye faili la kumbukumbu, /var/log/mail.log, na jina litakalojirudia mamia ya mara ndilo ambalo nywila yake imeibwa. Badilisha nywila hiyo, iwashe upya Postfix ili miunganisho iliyo wazi ikatike, kisha ndipo usafishe foleni, ukiziacha barua halali za wateja. Baada ya hapo angalia kama IP yenu imeingia kwenye orodha ya Spamhaus, wanaoorodhesha anwani zinazotuma barua taka, lakini usiombe kuondolewa kabla ya kuziba tundu, kwa sababu mtarudishwa humo upesi. Weka pia kikomo cha barua ambazo kila mtumiaji anaweza kutuma kwa saa. Naomba hasa mwache desturi ya ofisi nzima kutumia nywila moja ya sanduku la "info", kwani siku kama hii hakuna anayejua imevujia kwa nani.

Umeme ukikatika usiku, barua za wateja hupotea? (Mpwapwa)

Hazipotei. Seva inayotuma huzishika na kujaribu tena. Postfix, isipobadilishwa, hujaribu kwa siku 5. Kinachonitia hofu ni diski yenu inayozimika ghafla ikiwa katikati ya kuandika, na nakala rudufu ambazo hazijawahi kufunguliwa. Nunueni UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), na wiki hii mrudishe sanduku la mtu mmoja kutoka kwenye nakala, kwenye kompyuta nyingine, mfungue barua ya mwaka jana yenye kiambatisho.