Mbuzi kapiga kichwa, makalio yametoka wapi?

SWALI: Natafsiri hadithi za watoto kutoka Kiingereza. Nimekwama kwenye sentensi "The goat butted the boy". Kamusi yangu inasema butt ni makalio, tena ni kitako cha bunduki. Na watangazaji wa mpira husema headbutt. Je, hiyo ni kichwa na makalio? Neno lenyewe asili yake nini?

JIBU: Makalio yaache kabisa, ndugu yangu. Kamusi yako imekupa nomino, wewe unatafuta kitenzi. Yanaandikwa sawa lakini ukoo wake si mmoja.

Kitenzi butt kiliingia Kiingereza karibu na mwaka 1200, kutoka Kifaransa cha kale: boter, yaani kusukuma au kugonga. Wafaransa nao walikichukua kwenye lugha za jamii ya Kijerumani, kwenye shina lilelile lililozaa beat, kupiga. Kwa hiyo kilipofika Uingereza kupitia Ufaransa kilimkuta ndugu yake yupo nyumbani siku nyingi. Boter hiyohiyo ilizaa button, kifungo, ambacho kwanza kilikuwa chipukizi linalojisukuma nje ya tawi. Buttress, nguzo nzito inayoegemezwa ukutani usianguke. Na rebut, kuisukuma hoja ya mtu irudi alikotoka.

Nomino yako ina maana ya upande mnene au mwisho wa kitu. Ndiyo maana inafaa kwa makalio, kitako cha bunduki na hata kipisi cha sigara. Ipo butt nyingine tena, pipa la mvinyo, yenye asili ya Kilatini. Hiyo haikuhusu.

Sasa maana. Anayefanya butt anatanguliza kichwa na kugonga kwa nguvu ya kusukuma. Hata mwanambuzi asiyeota pembe anaweza. Pembe zikitoboa mwili, Mwingereza atasema gore, neno linalodhaniwa kutokana na jina la kale la mkuki. Ndiyo sababu nisingeandika "alimpiga pembe" bila kusoma ukurasa mzima: kama mtoto ameangukia matako, akainuka akicheka, "pembe" itawatisha wasomaji wako bure.

Kwa binadamu Waingereza huongeza head mbele, ili pasiwe na utata. Fainali ya Kombe la Dunia, Berlin, 9 Julai 2006, dakika ya 110: Zidane wa Ufaransa anamgonga Materazzi wa Italia kifuani kwa kichwa, mwamuzi Elizondo anatoa kadi nyekundu. Hiyo ni headbutt. Mpira ukipigwa kichwa ni header. Sisi tunatumia "kupiga kichwa" kote kuwili, na anayepigwa ndiye anayetenganisha: "alipiga mpira kichwa" ni soka, "alimpiga mwenzake kichwa" ni ugomvi. Angalia hiyo -m-, usiidondoshe.

Sentensi yako ningeiandika "Mbuzi alimpiga yule mvulana kichwa". Kama picha inaonyesha mtoto akirushwa, "alimpiga kumbo kwa kichwa" ina nguvu zaidi. Na mbele ukikutana na butt in, usitafute mbuzi: huyo ni mtu anayedakia mazungumzo ya wenzake.