Re: Mchoro wa ukutani bila kibali ni wa nani?
Ndugu, umeuliza kama mchoro uliochorwa bila kibali ni wa mwenye ukuta au wa mtaa mzima. Kisheria mara nyingi mwenye ukuta ndiye mwenye nguvu. Lakini tazama Bologna, Italia, Machi 2016. Baadhi ya michoro ya mitaani ilibanduliwa ukutani ikapelekwa kwenye maonyesho ya kulipia kiingilio. Kupinga hilo, msanii Blu, akisaidiwa na wanaharakati wa hapo, akafunika kwa rangi ya kijivu kazi zake mjini humo, kazi za miaka kama 20! Iliniuma sana, ila namwelewa. Michoro ile ilizungumza na mpita njia asiye na tiketi. Kwangu mimi ni ya mtaa, na wanaoishi hapo waulizwe kabla haijaguswa.