Mnunuzi mpya ana fedha au ana madeni?

Barua nyingi za safari hii ni za jambo moja: klabu inayumba, anajitokeza tajiri, na mashabiki hawajui washangilie au washike vichwa. Tumechagua sita. Mifano mingi ni ya England, kwa sababu huko hesabu za klabu ziko wazi na yeyote anaweza kuzisoma.

Mhariri, salaam. Septemba 2023 sisi wa Everton tuliambiwa 777 Partners, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, wamenunua klabu. Ikapita karibu miezi tisa, kisha tukaambiwa hakuna tena biashara. Mtu akishasaini mkataba anashindwaje kununua? Na Ligi Kuu ilikuwa wapi muda wote huo?
*Shabiki wa Everton, Tanga*

Kilichosainiwa Septemba 2023 ni mkataba wa kuuziana hisa asilimia 94.1 za mmiliki, Farhad Moshiri. Umiliki wenyewe haukuhama siku ile. Mauzo ya klabu ya England hupita hatua nne au tano. Kwanza muuzaji na mnunuzi huafikiana kwamba kwa kipindi fulani muuzaji hatazungumza na mnunuzi mwingine. Kisha wanasheria na wahasibu wa mnunuzi hufungua mafaili: mikataba ya wachezaji, kodi, mikopo, kesi. Halafu mkataba wa mauziano husainiwa, lakini kwa masharti. Baada ya hapo huja ridhaa. Kwa Everton zilihitajika tatu: ya Ligi Kuu, ya chama cha soka cha England, na ya mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Malipo na hisa hubadilishana mikono mwishoni kabisa, na hatua hiyo 777 hawakuifikia.

Ligi haikusema hapana, na hilo ndilo lililowachanganya wengi. Machi 2024 ilionyesha iko tayari kuwakubali wakitimiza masharti. Walipe mkopo wa pauni milioni 158 ambao klabu ilikuwa inadaiwa na kampuni ya uwekezaji ya MSP Sports Capital na wafanyabiashara wawili wa Liverpool. Waonyeshe fedha za kumalizia uwanja mpya wa Bramley-Moore Dock. Mikopo waliyoipa klabu igeuzwe hisa. Tena waweke akiba ya fedha mahali ambapo ingeonekana. Kwa mwenye fedha hiyo ni kazi ya siku chache benki. Wao walihangaika nayo hadi mkataba ukafikia ukomo mwisho wa Mei.

Dalili zilikuwepo kwa aliyetazama nje ya Liverpool. Mwisho wa Aprili 2024 Bonza, shirika la ndege la Australia lililokuwa likitegemea fedha za 777, lilisimamisha safari na kuingia kwenye usimamizi wa ufilisi. Mei, mahakama ya Rio de Janeiro iliwaondolea udhibiti wa Vasco da Gama, klabu ya Brazil. Mwezi huohuo kampuni ya Leadenhall Capital iliwashtaki New York, ikidai kwamba mali walizoziweka dhamana ama hazikuwepo, ama zilikuwa zimeshawekwa dhamana kwa mtu mwingine.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mashabiki huipita haraka. Wakati ridhaa inasubiriwa, Everton iliendelea kuishi kwa mikopo ya 777, fungu baada ya fungu, hadi deni likafika takriban pauni milioni 200. Mnunuzi akaondoka, deni likabaki. Ndilo lililomfanya mnunuzi aliyefuata, Friedkin Group ya Marekani, ajitoe Julai 2024, na ikabidi azungumze na wadai wa 777 ndipo arudi Septemba. Biashara ilikamilika tarehe 19 Desemba 2024, na mikopo ya Moshiri mwenyewe, zaidi ya pauni milioni 400, iligeuzwa hisa ili isiendelee kudaiwa. Kwa hiyo ukisikia mnunuzi anayesubiri ridhaa “ameanza kuisaidia klabu”, uliza kwanza: ameipa, au ameikopesha? Kwa riba gani, na akikataliwa deni hilo litalipwa lini?

Wanasema Glazer aliinunua Manchester United kwa fedha za Manchester United. Hilo linawezekanaje kisheria? Mimi naona ni maneno ya vijiweni.
*Msomaji, Mwanza*

Si maneno ya vijiweni. Mwaka 2005 familia ya Glazer ilinunua klabu kwa takriban pauni milioni 790, na zaidi ya nusu ya fedha hizo ilikuwa mkopo. Kabla ya hapo United haikuwa na deni. Baada ya ununuzi, sehemu ya mkopo iliwekewa dhamana mali za klabu, na riba ikaanza kulipwa kutokana na tiketi, jezi na haki za televisheni. Sheria ya Uingereza iliruhusu.

Ni kama bodaboda ya mkataba, ambayo hulipiwa kwa mapato yake yenyewe kila siku. Tofauti ni kwamba kijana wa bodaboda yumo juani kutwa nzima, na asipolipa ananyang'anywa yeye.

Kwa hiyo msihangaike na orodha za matajiri wa dunia. Mtu anaweza kuwa bilionea kweli na bado asiingize hata shilingi kwenye klabu yako. Na bei ya kununua hisa za zamani huenda kwa muuzaji, haiendi kusajili mshambuliaji. Ukisoma “klabu yauzwa kwa milioni 400”, hiyo ni fedha ya anayeondoka. Inayowahusu mashabiki ni ile iliyoahidiwa kuingizwa baada ya hapo, na kama ahadi hiyo imeandikwa kwenye mkataba au imetamkwa tu mbele ya kamera.

Klabu ikiingia kwenye usimamizi wa ufilisi, nani anaamua nani auziwe? Na pointi zinakatwa ngapi? Watu hapa wanabishana.
*Mpenzi wa soka, Mombasa*

Anaamua msimamizi, ambaye ni mtaalamu wa ufilisi, na wajibu wake wa kisheria ni kwa wadai. Mashabiki hawamo kwenye wajibu huo, ingawa msimamizi mwenye akili huwasikiliza. Klabu ya Ligi Kuu hukatwa pointi 9, na za madaraja matatu yanayofuata hukatwa 12.

Foleni ya malipo ina utaratibu wake. Mwenye dhamana hutangulia. Deni la kisoka, yaani mishahara ya wachezaji na fedha za usajili zinazodaiwa na klabu nyingine, ni lazima lilipwe lote, la sivyo ligi hairuhusu klabu iendelee. Mamlaka ya kodi ilirudishiwa kipaumbele Desemba 2020 kwa kodi kama ya ongezeko la thamani na ile inayokatwa kwenye mishahara. Mwenye duka la nyama aliyeuza soseji za siku ya mechi yuko mwisho kabisa. Kwa kanuni za madaraja hayo matatu, hawa wa mwisho wapate angalau peni 25 kwa kila pauni klabu inapotoka, au 35 zikilipwa kwa miaka mitatu. Wasipopata, klabu huongezewa adhabu ya pointi 15.

Mfano mzuri ni Derby County. Iliingia kwenye usimamizi Septemba 2021, ikakatwa pointi 12, kisha 9 nyingine Novemba kwa makosa ya hesabu. Jumla 21, na msimu ukaisha kwa kushuka kutoka Championship, daraja la pili, hadi League One, daraja la tatu. Aprili 2022 Mmarekani Chris Kirchner alitangazwa mnunuzi anayependekezwa. Tarehe za kuweka fedha zikaja na kupita, kila mara kukiwa na sababu mpya, hadi akajitoa Juni. Klabu ikaokolewa na David Clowes, mfanyabiashara wa palepale Derby. Kirchner alikuja kuhukumiwa Marekani mwaka 2024 kifungo cha miaka 20 kwa ulaghai uliohusu kampuni yake ya programu. Picha zake na mashabiki ziko mtandaoni hadi leo, na wote wanatabasamu.

“Mnunuzi anayependekezwa” hajanunua. Ameingia ukumbini tu. Kinachohesabika ni amana isiyorudishwa. Ikiwa haipo, huyo yuko huru kuondoka kesho asubuhi.

Mmiliki wetu anataka kuuza uwanja kwa kampuni yake nyingine ili apate fedha za usajili. Kama kampuni zote ni zake, tatizo liko wapi?
*Msomaji, Muscat*

Tatizo huanza siku anapouza klabu na kubaki na uwanja. Hapo mnunuzi mpya anakuta timu yenye madeni na isiyo na kiwanja, na kodi ya pango anailipa kwa yuleyule aliyeifikisha klabu hapo.

Derby waliuza Pride Park kwa kampuni ya mmiliki wao Mel Morris mwaka 2018 kwa pauni milioni 81.1. Sheffield Wednesday nao waliuza Hillsborough kwa kampuni ya mmiliki wao Dejphon Chansiri kwa takriban pauni milioni 60. Shabaha haikuwa usajili hasa. Faida ya mauzo iliingizwa kwenye vitabu ili hasara isivuke kikomo, ambacho kwa Championship kilikuwa pauni milioni 39 kwa miaka mitatu. Wednesday waliiingiza kwenye mwaka usio wake, wakakatwa pointi 12 mwaka 2020, na rufaa ikazipunguza hadi 6. Mei 2021 walishuka wakiwa na pointi 41, na Derby waliobaki walikuwa na 44. Piga hesabu mwenyewe.

Tarehe 24 Oktoba 2025 Wednesday waliingia kwenye usimamizi wa ufilisi baada ya miezi ya mishahara kuchelewa. Kampuni inayomiliki uwanja iliingia pamoja nao, na hapo kulikuwa na nafuu: msimamizi angeweza kuuza timu na uwanja kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo la kuuliza kuhusu mnunuzi yeyote ni fupi: uwanja umo kwenye mauzo? Akijibu kwa hotuba ndefu, jibu ni hapana.

Sisi mashabiki wa mbali tunaweza kuchunguza nini wenyewe, bila kusubiri magazeti?
*Kundi la mashabiki, Kisumu*

Mengi kuliko mnavyodhani. Msajili wa makampuni wa Uingereza, Companies House, ana tovuti ya bure. Andikeni jina rasmi la kampuni ya klabu, kisha jina la kampuni ya mnunuzi.

Anzeni na tarehe. Kampuni binafsi ina miezi tisa baada ya mwaka wake wa fedha kuwasilisha hesabu, na ikichelewa tovuti yenyewe huandika hivyo. Hesabu za klabu zikichelewa wakati mauzo yanajadiliwa, mara nyingi ni kwa sababu mkaguzi hajaridhika kwamba fedha za miezi 12 ijayo zipo.

Kisha fungueni orodha ya dhamana. Hapa ndipo penye utamu. Kila mkopo wenye dhamana husajiliwa ndani ya siku 21, pamoja na jina la mkopeshaji na mali iliyofungwa: uwanja, fedha za televisheni za msimu ujao, au malipo ya mchezaji aliyeshauzwa. Klabu iliyoanza kukopa kwa dhamana ya fedha za televisheni za msimu ujao inakula mbegu. Majina ya benki za kawaida yakitoweka na kampuni za mikopo ya muda mfupi zikaingia, riba imepanda.

Ndani ya hesabu zenyewe msisome kurasa za mbele zenye picha. Nendeni kwenye ripoti ya mkaguzi mtafute kama ametaja mashaka makubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli. Halafu someni aya ya matukio yaliyotokea baada ya kufunga hesabu, maana mikopo mipya hutajwa hapo. Mwisho gawanyeni mishahara kwa mapato. Ikizidi asilimia 70 mmiliki lazima atie mkono mfukoni. Championship ziko klabu zinazovuka 100, yaani mishahara peke yake inazidi kila kinachoingia.

Kampuni ya mnunuzi ikiwa imesajiliwa mwezi uliopita, si kosa; wengi hufungua kampuni mpya kwa ajili ya ununuzi. Lakini mwenye kuidhibiti lazima atajwe, na mkifuata jina hilo mkaishia kwenye kisiwa chenye usiri, ni haki yenu kuuliza. Bunge la Uingereza limelifanya kuwa jambo la kisheria: sheria ya Julai 2025 imeunda msimamizi huru wa soka mwenye mamlaka juu ya madaraja matano ya juu, na mmiliki mtarajiwa anatakiwa kueleza fedha zake zinatoka wapi na ataiendeshaje klabu. Hata uwanja hauuzwi bila idhini ya msimamizi huyo.

Nyie mnasema England tu. Simba je? Nayo si iliuzwa?
*Mwanachama, Dar es Salaam*

Ndugu mwanachama, hapa misingi ni mingine. Everton na United zilikuwa kampuni tangu zamani, na mwenye hisa akauza zake. Simba ilikuwa mali ya wanachama. Mfumo uliopitishwa ni wa kuunda kampuni ambamo wanachama wanabaki na asilimia 51 na uwekezaji hauzidi 49, kwa mujibu wa kanuni za serikali. Desemba 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya uwekezaji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20.

Kwa hiyo maswali yenu nayo ni tofauti. Hapa fedha ya hisa inatakiwa kuingia kwenye kampuni ya klabu, maana hakuna mmiliki wa zamani wa kulipwa. Iko kwenye akaunti gani, na hesabu zilizokaguliwa zinaionyeshaje? Mshahara au usajili ukilipwa na mwekezaji kutoka mfukoni, umeandikwa ni zawadi, mkopo, au sehemu ya bei ya hisa? Bila maandishi, mambo hayo matatu huchanganywa kirahisi sana siku ya ugomvi. Na asilimia 51 ina nguvu kwa kadiri ya katiba ya kampuni: angalieni ni maamuzi gani yanahitaji ridhaa ya mwekezaji, nani anateua mtendaji mkuu, na wajumbe wa bodi ni wangapi kila upande.

Katiba hiyo huwekwa kwa msajili, BRELA, na nakala yake inaweza kuombwa kwa kulipia ada. Iombeni kabla ya mkutano mkuu, muisome, mwende na namba za vifungu.