Barua kwa Mwanangu: Insha Tatu, Maswali Matatu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na kuisoma mara mbili, kwanza kwa furaha ya kukusikia, kisha kwa makini kwa sababu ya swali uliloniuliza. Unasema muhula huu mmepewa insha tatu, moja ya hoja, moja ya fasili na moja ya uchambuzi wa balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, na kwamba hii ya uchambuzi imesharudi ikiwa na maneno mawili ya mhadhiri pembeni: "Unasimulia, huchambui." Unataka kujua tofauti ya mambo hayo mawili, na kama ipo njia moja ya kuziendea kazi zote tatu.

Njia moja ya kuziandika haipo, lakini ya kuzianza ipo. Kabla hujaandika sentensi yoyote, tafuta swali ambalo kazi yenyewe inataka ulijibu. Insha ya hoja inauliza tukubali nini au tufanye nini, na kwa sababu gani. Insha ya fasili inauliza jambo fulani ni nini hasa, na mpaka wake unapita wapi. Uchambuzi wa balagha unauliza andiko fulani linafanyaje kazi yake kwa wale lililoandikiwa. Katika miaka yangu ya kusahihisha insha nimewaona vijana wenye akili nzuri na lugha safi wakipoteza alama kwa sababu walijibu vizuri sana swali ambalo hawakuulizwa. Kwa hiyo isome karatasi ya maelekezo polepole, kipigie mstari kila kitenzi kinachokuagiza, kama tetea, fafanua, chambua au linganisha, kisha uandike kwa maneno yako mwenyewe swali moja linalotokana na vitenzi hivyo. Likikushinda kuliandika, mwendee mhadhiri umuulize mapema, kwa maana hiyo ni sehemu ya kazi yake na hakuna aibu ndani yake.

Nianze na uchambuzi, kwa kuwa ndiko ulikokwama. Kusimulia ni kueleza andiko linasema nini. Kuchambua ni kueleza mwandishi alifanya nini kwa kulisema hivyo, alimlenga nani, na kwa nini alichagua njia hiyo akaziacha nyingine zilizokuwa mbele yake. Nitakuonyesha kwa barua ambayo Martin Luther King, mchungaji aliyepigania haki za Wamarekani Weusi, aliiandika mwezi Aprili 1963 akiwa jela mjini Birmingham, katika jimbo la Alabama, Marekani. Viongozi wanane wa dini, wote Wazungu, walikuwa wametoa tamko wakisema kwamba maandamano ya kupinga ubaguzi hayakuwa ya busara wala hayakuja kwa wakati wake, na kwamba kwa sehemu yaliongozwa na watu wa nje. King aliwajibu akiwaita wahudumu wenzake, ingawa bila shaka alijua kwamba wengine wengi wangesoma.

Usipoijua hali hiyo hutaweza kueleza kwa nini barua inaanza kwa upole, wala kwa nini shutuma ya kuwa mgeni inajibiwa mwanzoni kabisa. Hutaona pia kwa nini, anapofika kwenye suala la sheria dhalimu, King anamtaja Thomas Aquinas, kisha Martin Buber, kisha Paul Tillich, yaani Mkatoliki, Myahudi na Mprotestanti. Miongoni mwa wale wanane walikuwamo askofu wa Kikatoliki, rabi wa Kiyahudi na viongozi wa makanisa ya Kiprotestanti. Kila upande uliletewa shahidi ambaye usingeweza kumkataa kwa wepesi. Anayesimulia ataandika kwamba King ananukuu wanafalsafa na wanateolojia mbalimbali, na sentensi yake itakuwa ya kweli, lakini mhadhiri hatakuwa amejifunza lolote kuhusu namna barua ilivyoundwa.

Tazama mahali pengine katika barua hiyo hiyo. Ipo sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300, ambamo King anarundika mambo ambayo Weusi wameyaona: mauaji ya makundi yenye ghadhabu, polisi wenye chuki, umaskini, mtoto wa kike wa miaka sita anayeuliza kwa nini haruhusiwi kwenda kwenye bustani ya michezo iliyotangazwa kwenye televisheni. Kila kishazi kinaanza kwa namna ileile ya "mnapoona" au "inapokubidi", na kishazi kikuu hakiji mpaka mwisho kabisa, pale anaposema kwamba hapo ndipo mtaelewa kwa nini tunaona vigumu kungoja. Msimulizi ataandika: "King anaeleza mateso mengi na kusema kwamba Weusi hawawezi kungoja zaidi." Mchambuzi ataandika hivi: "Kwa kuuchelewesha mwisho wa sentensi, King anamlazimisha msomaji aliyewashauri wengine wangoje aonje kungoja kwenyewe, na uchovu anaoupata msomaji unakuwa sehemu ya ushahidi." Sentensi ya pili inaweza kupingwa, na lazima itetewe kwa kurejea maneno yenyewe ya andiko. Hapo ndipo uchambuzi unapoanza.

Naona umetumia mgawanyo wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yaani uaminifu wa msemaji, hisia za wasikilizaji na mantiki ya maneno yenyewe. Mgawanyo huo umedumu zaidi ya miaka 2,300 kwa sababu unasaidia kuona, na sikuzuii kuutumia wakati wa kusoma. Ninachokusihi ni usiufanye kuwa muundo wa insha, aya moja kwa kila kimoja, kwa maana andiko zuri huvifanya vyote vitatu kwa pamoja katika mstari mmoja. Yule mtoto wa miaka sita anagusa hisia, lakini pia anamtambulisha King kama baba, na papo hapo anatoa mfano unaothibitisha madhara ya sheria za utengano. Ukimweka kwenye sanduku la "hisia" ukaendelea mbele, utakuwa umempa jina tu. Na kuna jambo moja zaidi: katika kazi hii hukuulizwa kama unakubaliana na mwandishi. Unaweza kuchambua vizuri sana hotuba unayoichukia, na wakati mwingine hilo ndilo zoezi bora, kwa sababu hisia zako haziwezi kukufanyia kazi.

Insha ya fasili wengi huidharau wakidhani ni ndogo, na hapo wanakosea. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani ililazimika kuamua kama nyanya ni tunda au ni mboga. Sheria ya forodha ya 1883 ilizitoza mboga ushuru wa asilimia 10 na kuyaacha matunda bila ushuru, na mfanyabiashara aliyeziingiza nyanya nchini alitaka arudishiwe fedha zake. Kwa mtaalamu wa mimea nyanya ni tunda, na kamusi zilisomwa mahakamani. Hata hivyo majaji wote waliamua kwamba kwa shughuli za ushuru ni mboga, kwa kuwa katika matumizi ya kawaida ya watu huliwa pamoja na chakula kikuu, si baada yake kama kitindamlo. Angalia kilichotokea: hakuna aliyebishana kuhusu nyanya yenyewe. Walibishana ni kipimo kipi kitumike, cha mtaalamu wa mimea au cha mnunuzi, na kipimo hicho kilikuwa na fedha nyuma yake. Insha nzuri ya fasili huonyesha mambo hayo mawili, kipimo na matokeo yake. Ndiyo sababu kuanza na nukuu ya kamusi hakusaidii sana, kwa kuwa kamusi hukupa matumizi yaliyokwisha kukubalika, wakati wewe umeitwa kwenye mahali penye utata.

Umeniambia umechagua neno "kujitolea", na fasili yako ya kwanza ni kutoa muda au nguvu kwa faida ya wengine pasipo kudai malipo. Ni mwanzo mzuri, kwa sababu umetaja kundi lake, yaani kutoa, na tofauti yake na aina nyingine za kutoa. Sasa ijaribu mipakani. Mwanafunzi anayelazimishwa na chuo kutumikia saa kadhaa ili ahitimu hadai malipo, je, amejitolea? Na daktari anayekwenda kwa hiari mahali penye mlipuko wa maradhi huku akipewa posho, je, hajajitolea? Ukiona moyo wako unamkataa wa kwanza na kumkubali wa pili, basi fasili yako imekosea kitovu cha jambo: kinachopima huenda si malipo bali ni uhuru wa kukataa. Ukifika hapo umepata insha. Ieleze safari hiyo kwa msomaji, mfano kwa mfano, na umwambie ni nini kitabadilika tukikubali kipimo chako, kwa mfano namna vyuo vinavyoziita zile saa za lazima.

Kuhusu insha ya hoja nitasema machache, maana najua umeshaifanya shuleni. Dai lako liwe jambo ambalo mtu mwenye busara anaweza kulikataa. Kama hayupo wa kulikataa, huna hoja, una taarifa. Kisha fanya alichokifundisha mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin mwaka 1958: tafuta lile jambo lisilosemwa linalokupa haki ya kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye dai. Tuseme unadai kwamba mahudhurio yasihesabiwe kwenye alama, na ushahidi wako ni kwamba wapo wanafunzi wasiohudhuria na bado wanafaulu mtihani. Kati ya hayo mawili kumefichwa imani kwamba alama zipime maarifa peke yake. Mpinzani wako makini hatagusa ushahidi wako hata kidogo. Atakuuliza kwa nini alama zisipime pia mchango wa mtu katika mazungumzo ya darasa. Ukiitaja imani hiyo mwenyewe na kuitetea waziwazi, insha yako itakuwa imara. Hoja ya upande wa pili nayo iandike kwa namna ambayo mwenye nayo angeisoma na kusema, "Naam, hivyo ndivyo ninavyoamini," na pale anapokuwa na haki, mpe haki yake.

Utaona pia kwamba kazi hizi hukutana. King hangeweza kutetea uvunjaji wa sheria bila kwanza kufasili sheria ya haki na sheria dhalimu, kwa hiyo ndani ya hoja yake mna fasili, na wewe unayemchambua unatoa hoja kuhusu andiko lake. Kilicho tofauti ni swali linaloongoza, nalo ndilo linaloamua kipi kikae mbele na kipi kisaidie nyuma.

Kwa sasa ichukue rasimu iliyorudishwa, na pembeni ya kila sentensi andika neno moja, "anasema" au "anafanya". Pale utakapokuta aya nzima ina "anasema" tupu, bakiza sentensi moja ya kumkumbusha msomaji yaliyomo, kisha ujiulize mwandishi alikuwa na njia gani nyingine na hii aliyoichagua imemsaidia nini kwa hadhira yake. Utangulizi uandike upya mwisho, ukishajua insha yako inasema nini. Ukimaliza, nitumie rasimu pamoja na karatasi ya maelekezo. Sitakurekebishia sentensi zako, maana kazi ni yako na alama ni zako, ila nitakuandikia maswali pembeni kila mahali nitakapopotea.

Nakupenda sana,
Mama yako