Maswali Yenu: Damu Chooni, Kiungulia na Macho ya Manjano

Daktari, nina miaka 47. Huu ni mwezi wa nne naona damu nikienda haja kubwa. Dawa ya bawasiri ninayopaka haisaidii. Nibadilishe nitumie ipi?

Usibadilishe dawa, nenda ukapimwe. Nani alikuambia ni bawasiri? Swali hili linakuja kila mara, na kila mara mwulizaji amejipa ugonjwa mwenyewe kisha anataka nimchagulie dawa. Bawasiri ipo na ni ya kawaida, ila mtu anaweza kuwa nayo pamoja na saratani ya utumbo mpana kwa wakati mmoja. Kwa kutazama damu tu huwezi kujua. Daktari akupime kwa kidole njia ya haja kubwa, kisha uingizwe kamera ya kutazama utumbo. Mweleze pia kama choo kimebadilika, kama unahisi hujamaliza haja, kama uzito umeshuka.

Wengine damu hawaioni kabisa. Uvimbe ukiwa upande wa kulia wa utumbo mpana, damu huvuja kidogo kidogo, na mgonjwa huja akilalamika uchovu na kuishiwa pumzi. Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma, asipewe vidonge akarudishwa nyumbani hivi hivi. Itafutwe kwanza damu inapopotelea.

Nyingi ya saratani hizi huanza kama vijinyama vidogo visivyo na madhara, vinavyochukua takriban miaka 10 kugeuka. Kamera ikivikuta, vinaondolewa papo hapo. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu akimaliza mwaka mzima na mirija ya dawa za kupaka.

Saratani ya ini inaambukiza?

Hapana. Kinachoambukiza ni virusi vya homa ya ini B na C vinavyoisababisha. Ya B ina chanjo: mtoto aipate ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.

Nina vidonda vya tumbo miaka mingi. Vinaweza kugeuka saratani?

Ulipimwa kwa kamera, au ni kiungulia ulichokipa jina? Mhusika mkuu hapa ni bakteria Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1994. Wengi walio naye hawapati saratani, lakini ukikutwa naye umalize dozi, kisha upimwe tena kuhakikisha ameisha.

Ninachogombana nacho ni dawa za kupunguza asidi zinazomezwa miezi na miaka bila kipimo. Hutuliza maumivu hata ya saratani changa, na mgonjwa akaamini amepona. Chakula kikianza kukwama, kigumu kwanza halafu hata uji, ukishiba kwa matonge machache, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, usiende tena duka la dawa. Nenda hospitali.

Baba ana macho ya manjano, mkojo mweusi na anawashwa mwili, ila hana maumivu. Tunampa mitishamba ya kusafisha ini.

Acheni leo, mpelekeni hospitali. Manjano yasiyo na maumivu kwa mtu mzima yanaweza kuwa uvimbe kwenye kichwa cha kongosho ulioziba njia ya nyongo. Choo kikipauka, shaka inazidi. Kukosa maumivu kusiwafariji. Saratani ya kongosho huwahi kuenea, na upasuaji huwezekana mapema tu.

Sinywi pombe, sivuti sigara. Niko salama na saratani hizi?

Umejipunguzia hatari kubwa mbili, hongera. Zimebaki umri, unene, nyama zilizosindikwa, sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu, na vinywaji vya moto kupita nyuzi 65, vinavyoshukiwa kwa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Acha kipoe.

Kaka yangu amegundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 42. Mimi nina 33. Nianze kupima lini?

Kwa ndugu wa karibu hivyo, kamera huanza ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao mgonjwa, unaotangulia ndio unaofuatwa. Kwako ilikuwa 32. Panga miadi wiki hii, uliza na kuhusu kipimo cha vinasaba, na uwaambie wote mliozaliwa tumbo moja.