Kabla Hujalipia Darasa la Ufinyanzi, Uliza Nani Anawasha Joko

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Tabata. Kajiunga na darasa la ufinyanzi na uchoraji kwenye kituo cha sanaa cha mtaani kwao, kalipa ada ya miezi mitatu kwa mkupuo, na siku ya kwanza tu donge la udongo limemchomoka kwenye gurudumu la kufinyangia likaenda kumpiga jirani yake kwenye miwani. Anauliza: "Dada, niendelee au nikadai hela yangu?"

Endelea. Hela yenyewe hutarudishiwa, tusidanganyane. Ila ukifika kesho, kabla hata hujajifunga khanga kiunoni, muulize mwenye kituo joko, yaani tanuri la kuchomea vyungu, liko wapi, linawashwa lini, na nani analiwasha. Watu wanaulizia bei, wanaulizia maegesho, wanaulizia kama kuna chai ya saa nne. Joko hakuna anayeliulizia, na huko ndiko kazi yako yote inakokwenda kufa au kupona.

Nawajua wasomaji wangu. Hakuna kati yenu anayekwenda pale kupoteza muda. Kila mmoja anataka siku moja awe na meza yake kwenye maonyesho, mitungi imepangwa juu ya kitambaa cheupe, na bei imeandikwa kwa kalamu nene ili ndugu zake waisome wakiwa mbali. Kwa hiyo nitasema nanyi kama watu wa kazi.

Mimi nilikuwa karani wa hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo. Watoto wako bweni, baba yao yuko kikazi Mtwara, nikirudi jioni nyumba kimya hadi nasikia friji. Rafiki yangu akanipeleka kwenye kituo kilichokuwa kwenye godauni la zamani: mabati juu, sakafu ya saruji, feni mbili na moja haizunguki. Jumanne ufinyanzi, Alhamisi uchoraji. Wanafunzi tulikuwa mchanganyiko, wastaafu, vijana wa chuo, wazungu wa kujitolea, na mimi niliyekuja na viatu vya ofisini.

Fundi wetu alikuwa mama mtu mzima kutoka Usangi, Upare, huko ambako wanawake wamefinyanga bibi hadi mjukuu. Gurudumu la umeme hakutaka hata kulisogelea. "Hilo waachie wao, mwanangu. Umeme ukikatika utafinyanga na nini?"

Udongo ulikuja kwenye viroba, wa kijivu, una mizizi na vijiwe ndani. Tuliuchambua kwa vidole, tukauloweka, tukauchuja, tukaukanda. Halafu akatuletea kinu. Magae ya vyungu vilivyovunjika tukayatwanga, tukayachekecha, na chenga zake tukazichanganya na udongo mbichi. Mwanzoni nilidhani mama anabana matumizi. Kumbe chenga zile zimeshapita motoni, hazinywei tena, hivyo zinazuia chungu kisinywee kwa pupa kikapasuka, na zinaacha vinjia ambavyo unyevu utatokea. Udongo mtupu, kuanzia ubichi hadi kutoka motoni, unaweza kupungua hata sehemu moja ya kumi ya urefu wake. Kikombe ulichokipimia mkono wako kinatoka cha mtoto.

Kisha akafinyanga. Donge moja akalitoboa katikati kwa ngumi, akaliketisha juu ya gae kuukuu. Akainama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, akaanza kukizunguka yeye. Chungu kimetulia, mama anarudi kinyumenyume, mkono wa kushoto ndani, wa kulia nje, udongo unapanda. Kilipofika kimo cha kiganja akaviringisha utambi wa udongo, akauzungushia mdomoni na kuubana kwa dole gumba, akapangusa kwa gunzi la hindi. Gunzi linaacha mistari. Mistari hiyo akaifuta kwa kokoto la mtoni alilorithi kwa mama yake, limelika upande mmoja mahali pa dole gumba. Alisugua hadi udongo ukaanza kung'aa na hakuna aliyekuwa anaongea.

Kama bado unadhani kazi ya mkono ni ya kijijini, mtafute Magdalene Odundo. Kazaliwa Nairobi mwaka 1950, kaenda Uingereza kusoma, na katikati ya miaka ya 1970 akafunga safari hadi Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, akajifunza kwa wanawake wanaojenga vyungu bila gurudumu. Mitungi yake anaijenga kwa mkono na kuisugua. Moto wa kwanza unaitoa rangi ya chungwa. Akiirudisha kwenye moto ulionyimwa hewa inatoka nyeusi ti. Mingine iko British Museum, London. Mwaka 2020 Uingereza ikampa cheo cha heshima cha Dame. Kwa hiyo yule kijana wa darasani kwako anayejivunia gurudumu asikutishe.

Miezi ya kukanda na kubomoa nairuka, haina hadithi.

Chungu changu cha kwanza kilichotoka motoni kizima nilikipeleka nyumbani nimekifunga kwenye khanga, nimekipakata kwenye daladala kutoka Makumbusho. Wifi yangu alikuja siku ya Idi, akakishika, akakigeuza, akacheka hadi akafuta machozi. "Wifi, si ungenunua tu Buguruni?" Halafu akakipeleka uani, akakiegeshea mlango wa jiko usipigwe na upepo. Kilikaa pale sikukuu nzima, watu wanakipita na sahani za pilau. Sikusema kitu, nilikuwa na wageni. Lakini nililia usiku, na nasema haya nikijua anasoma.

Sasa joko. Kituo changu sikitaji, na naomba msinitafute kwa hilo. Ilikuwa masika, mwezi wa nne, hewa yenyewe ya Dar ukiikamua inatoa maji. Nilikuwa na mitungi ya shingo ndefu niliyoifanyia kazi tangu kabla ya mvua. Fundi alitufundisha kupima kwa shavu: inua chungu, kigusishe shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji, hata kama kwa macho kimepauka. Niligusisha. Baridi. Nikamwambia kijana wa joko kuwa hii bado. Akanijibu mkurugenzi anataka joko lijae, Ijumaa kuna wafadhili.

Wakawasha moto wa haraka. Tulikuwa uani na fundi tunakunywa chai tukaanza kusikia: pu. Kimya. Pu, pu. Mama wa Usangi kila mlio anafumba macho. Joko lilipofunguliwa mitungi yangu ilikuwa magae, na magae hayo yamerukia sahani za wenzangu nazo zikapasuka. Mkurugenzi akasimama mbele ya watu wote akaniambia: "Udongo wako ulikuwa na hewa. Hukuukanda vizuri."

Hewa! Nilibeba neno hilo muda mrefu mpaka nilipojisomea mwenyewe. Kinachopasua chungu ni maji. Yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji yaliyouzaa. Moto ukipanda taratibu, unyevu unatoka kupitia vile vinjia vya chenga. Ukikimbizwa, unatoka na ukuta wa chungu. Kiputo cha hewa kikavu hakina nguvu hiyo. Watu wanakisingizia kwa sababu pale penye kiputo mara nyingi pamejificha unyevu. Na hata chungu kilichokauka shavuni kina maji mengine yaliyofungamana na udongo wenyewe, hayo yanaondoka takriban kati ya nyuzi 450 na 600. Yakishaondoka, udongo haurudi tena kuwa tope. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga zilizomo hutanuka ghafla, na wakati wa kupoa hujikunja vilevile, ndiyo maana anayefungua joko mapema ili apige picha anasikia vyombo vinalia. Vyombo vya udongo wa kawaida humalizia kati ya nyuzi 900 na 1,000 hivi.

Kwa hiyo uliza joko. Uliza nani mwenye kauli ya mwisho juu ya moto, fundi au ofisi. Kituo ambacho fundi hana kauli juu ya moto ni ukumbi wa kupigia picha, hata kiwe na bustani na kahawa nzuri. Na usidhani lazima liwe joko la umeme. Wafinyanzi wetu wengi vijijini wanachoma nje, kwa kuni na nyasi, lakini kwanza wanavipasha vyungu pembeni ya moto mdogo, wanavigeuza, hadi wajiridhishe. Wanajua wanangoja nini.

Wa Dar, Tanga na Mombasa, masika msikimbilie vitu vinene. Finyanga vyembamba, funika kwa nailoni iliyolegea, geuza kitako juu mdomo ukishashika, maana mdomo na mkono wa kikombe hukauka kabla ya kitako na hapo ndipo ufa unapoanzia. Wa Dodoma mna shida iliyo kinyume na yetu, huko upepo unakausha upande mmoja kabla hujamaliza kunawa. Funikeni pia.

Uchoraji nitaupitia haraka, ingawa ndio ulionipa hela ya kwanza. Mwalimu wa Alhamisi alilelewa kisanaa pale Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alitoka Tunduru, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya kung'aa juu ya hadibodi, kazi akiuza palepale, na mwaka 1972 akafa kwa risasi za polisi. Miaka michache tu ya kuchora, na mtindo unalisha watu hadi leo kwa sababu aliwaketisha ndugu zake akawafundisha. Mwalimu alituchoresha ndege mmoja tu, kila wiki ndege huyohuyo. Usuli kwanza, uache ukauke. Mwili, uache ukauke. Madoa mwisho. Ukilazimisha rangi juu ya rangi mbichi inachubuka na kuvutana. Wenzangu walichoka na ndege wakaomba twiga, wakaomba machweo, wakaacha. Mimi nimebaki na ndege wangu na watu wananilipa.

Hapo ndipo ninapowagombeza. Mnaingia darasani Jumanne, Jumamosi mmefungua ukurasa wa kuuza. Mnabadilisha kituo kila ada ikiisha, eti mwalimu hana muda na nyie. Fundi hana muda na mtu anayeleta umbo jipya kila wiki! Chukua chungu kimoja. Kifinyange hadi mikono ikijue gizani. Chukua ndege mmoja. Na uliza joko. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na kwangu ndivyo ilivyo: vizuri vimekwenda kwa wateja, mimi chai nanywea kikombe chenye ufa, na sioni aibu.

Mwezi uliopita mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo kachukua mitungi ya bustani, yote iliyokuwepo, kalipa taslimu. Habari zikafika kwa wifi kabla sijafika nyumbani mwenyewe. Kaagiza ya sebuleni kwake. Nimempa bei ya Bagamoyo, na nauli ya bajaji juu yake.

Jambo la mwisho, kwa sababu wanaosoma madarasa yote mawili hukimbilia kuyachanganya. Rangi za akriliki na za kung'aa juu ya chungu ni za mapambo. Usizipake ndani ya bakuli wala mdomoni mwa kikombe. Unga wa gilasi, ule unaoyeyuka motoni ukawa ngozi ya kioo juu ya chungu, kama hujui umetengenezwa kutokana na nini usiununue kwa ajili ya vyombo vya chakula, maana mwingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na mtungi wa maji ya kunywa usiupake kitu chochote kwa nje: maji yanayopenya kidogo kidogo ukutani na kukauka ndiyo yanayoupoza, ukiziba kwa rangi maji yanabaki na joto la chumba. Mteja aking'ang'ania wenye maua, muuzie, ila mwambie ni wa kuwekea miavuli.